Mwacheni Shangazi Alie

Shangazi alianza kulia saa kumi na mbili na robo asubuhi, mashuka mia moja na ishirini yakiwa yameshapakiwa nyuma, yamepigwa pasi na kukunjwa mara nne kama kliniki ya wazazi ilivyotaka. Hakulia kwa kwikwi. Alilia kama mtu aliyeporwa hadharani, taa zake zikiwaka na kuzima, na mtaa mzima ukaamka umekunja uso.

Shangazi lilikuwa gari. Majirani walilipa jina hilo kwa kuwa lilikuwa zee, pana kwa nyuma, na halikukosa la kulalamikia. Lilifungwa alamu na imobilaiza, yaani kile kifaa kinachokata umeme wa injini ili mwizi asiondoke nalo, enzi zile ambapo mwizi wa kulitamani alikuwepo. Sasa hivi mtu pekee aliyezuiwa kuondoka na gari hilo alikuwa mwenye gari.

Mwenyewe alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, vidole vimeparara kwa sabuni, na wote walimwita Mama Mashuka. Alibonyeza rimoti mara ya kwanza, ya pili, ya kumi. Akaingia, akazungusha ufunguo, injini ikakohoa mara moja ikanyamaza. Dirisha la ghorofa ya pili lilifunguliwa, mwalimu mstaafu akatoa kichwa na kuuliza kama kuna msiba au ni lile kopo tena.

Mume wa Mama Mashuka alitoka wakati huohuo na kikombe cha chai mkononi, uso mkunjufu. Hakuwa na habari. Miaka ishirini na miwili ya kutunza mashine kwenye kiwanda cha misumari ilikuwa imemmaliza masikio yote mawili, na kiwanda kilimuaga kwa kilo mbili za misumari na saa ya ukutani inayogonga kengele kila nusu saa. Ndiyo, saa ya kengele, kwa kiziwi. Hakuna aliyekusudia kumkejeli. Ni kwamba hakuna aliyemfikiria, na hilo ndilo baya zaidi.

Alipoona taa zinawaka na kuzima aliweka kikombe chini. "Tena?" aliuliza, kwa ile sauti yake kubwa isiyojipima, ambayo wasiomjua waliidhani ni ya ugomvi.

"Tena," mkewe alimjibu kwa midomo tu. Midomo ya mkewe aliisoma vizuri. Wengine wote aliwapa daftari dogo alilolibeba mfukoni mwa shati, lenye kalamu iliyofungwa kwa uzi, wamwandikie.

Walishusha mashuka, wakayapanga kwenye mkokoteni wa kukodi, na Mama Mashuka akatembea nyuma yake kilomita nne akiuzuia mzigo usianguke. Alifika saa mbili na nusu. Mashuka yalitakiwa wodini kabla ya saa moja na nusu, wauguzi wa zamu mpya wanapotandika vitanda.

Matroni, mkuu wa wauguzi, alikuwa akimngoja kwenye ngazi na kitabu chake. Alikuwa mwanamke msafi, mwenye sauti laini, na alijua kuitumia. Alimkumbusha Mama Mashuka kwamba hii ni mara ya pili mwezi huu, na kwamba mkataba unasema ya tatu unavunjika. Halafu akaongeza kwamba hata siku gari linapofika, linapiga kelele uani na kuamsha wazazi. Alisema yote hayo mbele ya wafagiaji wawili na mama mmoja aliyemleta binti yake mjamzito. Mama Mashuka aliitikia "ndiyo, sista" mara nne, akiwa ameshika shuka la juu lililoingia vumbi.

Mkataba ule ndio uliokuwa nyumba yao. Kiwanda kilisema masikio ya mzee yalikufa kwa uzee wake mwenyewe, kwa hiyo hakikumlipa kitu. Kazi nyingine hakuipata, maana nani atamwajiri mtu wa kuandikiwa? Mashuka ya kliniki yakiondoka, hapakuwa na jingine la kusimamia.

*

Saa nne Shangazi alinyamaza mwenyewe na akawaka kama hakutokea kitu. Mchana walimpeleka kwa fundi wa umeme wa magari aliyejiita Injinia. Alikuwa na karakana yenye kibao kikubwa, ovaroli isiyo na doa la grisi, na kompyuta ndogo aliyoibeba kifuani wakati wote. Shangazi, kama aliyejua anapelekwa kushtakiwa, alianza kulia langoni.

Injinia alifanya kile alichokifanya kila fundi tangu gari lile lianze kuumwa. Aliingiza mkono chini ya usukani, akachomoa fyuzi ya alamu. Kimya. Vijana wa karakana wakashusha mikono kutoka masikioni.

"Siwezi kufanya kazi kwenye kelele," alisema.

Mume alimwona akichomoa fyuzi, na akaelewa. Alisogea, akasema kwa sauti yake kubwa kwamba asiizime, aiache ilie, kwa sababu ugonjwa unaonekana wakati mgonjwa anaumwa. Ukichomoa fyuzi, kile kisanduku cha alamu na imobilaiza kinakosa umeme. Ukiirudisha, kinaanza upya kama aliyezimia akazinduka, na kila kitu kinaonekana kizima hadi siku ya pili. Kiwandani hakuzima mashine inayogonga vibaya kabla ya kuigusa ikigonga. Alitoa daftari, akalinyoosha.

Injinia alilitazama daftari lile kama mtu anayepewa mtoto wa mwenzake amshikie. "Mama," alimwambia mke, "mwambie mzee akae kivulini. Mimi sina muda wa imla."

Vijana walicheka. Mume hakusikia kicheko, ila aliona meno, na mtu akishaona meno hahitaji masikio. Alirudisha daftari mfukoni na kwenda kusimama kivulini kweli, mikono nyuma, kama mtoto aliyefukuzwa darasani. Mama Mashuka aliona haya kwa niaba yake, kisha akaona hasira kwa kuona haya.

Kompyuta iliunganishwa. Ukweli ni kwamba Shangazi alitengenezwa kabla magari ya aina yake hayajajua kuzungumza na kompyuta, na waya ule ulichomekwa mahali pasipo na jibu. Injinia alijua. Alibonyeza vitufe hata hivyo, akaguna, akatikisa kichwa, akatangaza kwamba kisanduku cha imobilaiza kimeungua na lazima kije kipya. Kipya kilikuwepo, kwa bahati, ndani ya stoo. Bei yake ilikuwa sabuni ya wiki tatu. Mama Mashuka aliomba apunguziwe, akaambiwa kwamba vitu vya umeme si nyanya. Alilipa.

Walirudi nyumbani gari likinguruma vizuri.

*

Alhamisi asubuhi mashuka yalifika kabla ya saa moja na nusu, na Matroni alipokea bila kumtazama mletaji. Alhamisi hiyohiyo saa tisa alasiri, Mama Mashuka akianika mzigo wa pili, Shangazi alilia tena palepale alipoegeshwa, bila kuguswa na mtu wala paka.

Alimpigia Injinia. Injinia alisema amlete wiki ijayo, kwa sasa achomoe fyuzi ili majirani wapumzike. Alipouliza kesho atabebaje mashuka, maana fyuzi ikitoka injini nayo haiwaki, simu ilikuwa imeshakatwa.

Alikwenda kwenye gari akiwa na koleo. Mumewe alikuwa amefika kabla yake. Alimshika kifundo cha mkono, akamtoa koleo vidoleni taratibu.

"Usimzime," alisema. "Mwache alie. Mimi ndiye pekee hapa anayeweza kumvumilia."

Aliingia ndani, akaenda chumbani, akarudi na bunda la pamba alilopewa kiwandani mwaka wa kwanza, wakati alipolalamikia kelele na msimamizi akamwambia ajizibe asisumbue watu. Alimpa mkewe. Kisha akafungua mlango wa Shangazi, akalala chali chini ya dashibodi, miguu nje kwenye jua.

Mama Mashuka alijiziba masikio na kwenda kusimama langoni, kwa sababu alijua kinachokuja. Kilikuja. Kwanza muuza vocha wa kona, kisha mwenye mtoto mchanga, kisha mwalimu mstaafu mwenyewe, amevaa kandambili, amekasirika kwa heshima.

"Mama, kinyamazisheni hicho kitu," mwalimu alisema. "Watu wana masikio."

"Na yeye alikuwa nayo, mwalimu," Mama Mashuka alisema. "Leo nakuomba nusu saa. Yeye aliambiwa avumilie miaka ishirini na miwili, na alipolalamika akapewa pamba." Akamnyooshea mwalimu kipande cha ile pamba.

Mwalimu alikitazama. Alikuwa mtu mkali lakini si mtu mbaya, na kwa miaka yote waliyoishi dirisha kwa lango hakuwahi kuuliza masikio ya jirani yake yalikwenda wapi. Alichukua pamba, akajiziba, akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Wengine, walipoona mwalimu amekaa, waliondoka mmojammoja.

Ndani ya gari mume alipitisha kiganja polepole chini ya dashibodi, kama anavyofanya mtu anayemtafutia mtoto mahali pa homa. King'ora kilikuwa kikitetemesha bati lote, lakini huo mtetemo aliujua, ulikuwa mpana na wa mfululizo. Alitafuta mwingine. Mkono wa kushoto, nyuma ya sehemu ya redio, vidole vilikuta kitu kidogo chenye umbo la kiberiti kinachorukaruka ndani kwa ndani kama panzi aliyefungiwa. Ilikuwa rilei, ile swichi inayokata na kurudisha umeme wa injini. Ilikuwa inashika na kuachia, inashika na kuachia, mara nyingi kwa sekunde. Kwenye kelele ile hakuna sikio lingeisikia, na kelele ikizimwa yenyewe ililala. Hiyo ndiyo siri nzima. Wote walimnyamazisha Shangazi kwanza, kisha wakamuuliza anaumwa nini.

Alifuata waya wa rilei hadi kwenye kisanduku, na kutoka kwenye kisanduku waya mweusi unaorudisha umeme kwenye bati la gari. Waya ulipita chini ya zulia hadi kwenye skrubu moja sakafuni, nyuma ya kiti. Alijivuta hadi hapo, akapenyeza mkono chini ya zulia, na alipobana skrubu ile kwa kidole gumba, rilei ilitulia. Alipoachia, ikaanza kuruka.

Langoni Mama Mashuka alisikia Shangazi amenyamaza. Halafu akalia. Halafu akanyamaza. Alichomoa pamba na kukimbia, akamwinamia mumewe dirishani, akionyesha kidole na kutikisa kichwa juu na chini, hapo, hapohapo, na machozi yakimtoka bila mpango.

Waliinua zulia. Lilikuwa bichi chini yake, na bati lilikuwa limeota kutu kama ganda la mkate ulioungua. Kila msimu wa mvua, mashuka yasipokauka vizuri, Mama Mashuka aliyapakia hivyohivyo yenye unyevu na kwenda kuyamalizia pasi kwenye chumba cha stoo cha kliniki, ili asichelewe. Maji yalidondoka miaka sita. Alitazama kutu ile, akajipiga paji la uso.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema.

Mumewe alisoma midomo yake, akacheka kicheko kirefu cha kiziwi, kisicho na breki, hadi mwalimu kwenye ndoo akatabasamu bila kujua sababu.

Dawa yake haikuhitaji kompyuta. Mume alileta kopo la ile misumari ya zawadi yake ya kustaafu, akachagua msumari wa inchi nne, akakwangua kutu mpaka bati likang'aa kama sarafu mpya. Alikata ncha ya waya iliyooza, akaimenya upya, akaifunga kwa skrubu nyingine na kupaka grisi juu. Shangazi alinyamaza. Aliwaka mara ya kwanza, na mara ya pili, na mara ya tatu alipotikiswa na watu wazima watatu.

Akiwa hukohuko chini, mume alifuta vumbi kwenye kisanduku kipya cha Injinia na kuona stika yake imeinama pembeni. Aliibandua. Chini yake palikuwa na mchubuko wa bisibisi alioufanya yeye mwenyewe miaka minne iliyopita. Kilikuwa kisanduku chao, kilekile, kimefutwa kwa petroli na kuuziwa wenyewe. Mama Mashuka alishika ufunguo, tayari kwenda karakana kumvua Injinia ovaroli yake safi.

"Kesho mashuka," mumewe alisema. "Huyo zamu yake itafika."

*

Ijumaa walifika kliniki saa moja kasoro dakika kumi. Mume alikwenda naye safari hii, kwa kuwa alitaka kusikiliza kwa mkono njia nzima, na njia nzima kiganja chake kilikaa kwenye dashibodi. Alikuwa amenyoa ndevu. Rimoti ilikuwa mfukoni mwake, pamoja na daftari.

Uani palikuwa na pikapu mpya, nyeupe. Vijana wawili walikuwa wakiipakia marundo ya mashuka machafu, yaleyale ambayo Mama Mashuka alikuwa akiyachukua kila Ijumaa. Matroni alisimama kando na kitabu chake, akizungumza na dereva kwa ukaribu wa watu wa nyumba moja. Dereva alikuwa mume wa mdogo wake. Uani hapo kila mfagiaji alilijua hilo, na kila mfagiaji alikuwa akitazama chini.

"Tumeona tubadilishe," Matroni alisema.

Mama Mashuka alimwambia kwamba amechelewa mara mbili, si tatu, na kwamba leo amewahi kwa dakika arobaini, saa ile pale ukutani ni shahidi. Matroni alijibu kwamba hilo si suala la kujadili uani. Aandike barua, itajadiliwa kwenye kikao. Kikao cha lini? Kitapangwa. Sauti ya Mama Mashuka ilipanda kidogo, kidogo tu, kama ya mtu yeyote anayeona nyumba yake inapakiwa kwenye gari la mwingine.

"Mama, taratibu," Matroni alisema, laini kama pamba, akigusa midomo kwa kidole. "Wagonjwa wamelala. Tusipige kelele."

Mama Mashuka alifunga mdomo. Alikuwa ameufunga maisha yake yote akiambiwa hivyo, na ulijifunga wenyewe kwa mazoea.

Mumewe alikuwa amesimama kando ya Shangazi. Hakusoma maneno ya Matroni. Alisoma kidole kile juu ya midomo, na alikifahamu. Msimamizi wa kiwanda alikuwa nacho, daktari wa kiwanda alikuwa nacho, na hata Injinia alikuwa nacho kwa namna yake. Alitazama pikapu, akatazama mashuka, akatazama uso wa mkewe. Kisha akatia mkono mfukoni na kubonyeza kitufe chekundu cha rimoti.

Shangazi alilia. Alikuwa na afya sasa, waya safi, umeme wa kutosha, na hakuwahi kulia vizuri namna ile. Kuta za kliniki zilimrudishia sauti mara mbili. Vijana wa pikapu walitupa mzigo na kujiziba. Watoto wachanga waliamka. Ndiyo, waliamka, na mimi sioni aibu kulisema. Wamezaliwa duniani, wataisikia tu. Akina mama walitoka barazani na kanga mabegani, wauguzi wakatoka, mpishi akatoka, mwenye duka la dawa akatoka. Matroni alimkimbilia mume akipunga mikono na kupaza sauti, ile sauti laini ikiwa imepotelea mahali, na mume akamtazama kwa adabu, akaweka kiganja juu ya boneti, akasubiri.

Mwisho akashuka daktari mkuu, mwenye kliniki yake, koti halijafungwa vifungo, ambaye kwa miaka sita alilalia mashuka ya zamu bila kujua yanafuliwa na nani.

"Nini hiki?" alipiga kelele. "Zimeni!"

Mama Mashuka alimsogelea hadi sikioni. Alimweleza yote, mara mbili na mara tatu, na saa ya ukutani, na pikapu ni ya nani. Ilimbidi apige kelele ili asikike, na kwa kuwa alipiga kelele, baraza nzima ilisikia. Dereva wa pikapu alianza kukagua tairi zake. Matroni alifungua kitabu, akakifunga.

Daktari alisikiliza mpaka mwisho, maana hakukuwa na namna nyingine. "Nimekuelewa, mama," alisema. "Mkataba ni wako. Sasa mwambie mumeo azime."

"Hasikii, daktari," Mama Mashuka alisema. "Ukitaka azime, mwandikie."

Mume alikuwa ameshalitoa daftari. Alilinyoosha kama alivyolinyoosha karakanani, kalamu ikining'inia kwenye uzi. Daktari alilitazama, akawatazama wazazi barazani waliokuwa wakimtazama yeye, akalipokea. Aliandika akiwa ameinama juu ya boneti ya Shangazi, mkono ukitetemeka kwa mtetemo wa bati. Aliandika mistari mitatu, kwamba mkataba wa mashuka unabaki kwa mama huyu, akatia sahihi.

Mume alipokea. Alisoma mstari wa kwanza, akasoma wa pili. Kwenye wa tatu alirudia tangu mwanzo, kwa kuwa mwandiko wa madaktari unajulikana. Alionyesha kidole mahali pasipo na tarehe, na daktari akaandika tarehe. Kisha alimpa mkewe daftari naye asome, na mkewe akasoma polepole, neno kwa neno, Matroni akiwa amesimama mbele yao na vidole masikioni.

Aliposoma hadi nukta ya mwisho, alimwitikia mumewe kwa kichwa. Hapo ndipo mume alipobonyeza.